Dume Aliyewekwa Karantini

Bwana Mifugo alikuwa hawezi kuona picha ya mnyama akaiacha ipite hivihivi. Kalenda ya ukutani, chupa ya dawa ya kupe, nembo kwenye mfuko wa unga, vyote alivikagua. Alipandisha miwani kwenye paji la uso, akainama, akasema, "Huyu ana njaa," au, "Huyu mguu wa nyuma una tatizo." Dukani kwangu pale Nyamwaga, ninakouza mbegu na madawa ya mifugo, palikuwa na tangazo la chakula cha kuku lenye jogoo mwekundu aliyetunisha kifua. Siku ya kwanza aliyoingia, alilitazama lile tangazo mpaka nikadhani anataka kulinunua, kisha akaniambia jogoo yule hamalizi mwezi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku bado anamsikitikia jogoo.

Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa afisa wa kata wa kuchanja ng'ombe, kukagua nyama na kupiga kelele kuhusu josho, kwa hiyo alikuwa Bwana Mifugo, basi. Alitoka mkoa mwingine na hakupenda kuueleza, na sisi hatukumbana. Mtu aliyekuokolea ng'ombe aliyekwama na ndama tumboni huanzi kumuuliza babu yake alikuwa nani.

Kikurya alikiharibu vibaya. Neno moja tu alilishika vizuri, "mura," ambalo ni la kumwitia kijana wa kiume, naye alimwita hivyo kila mtu. Alimwita hivyo mwenyekiti wa kijiji, aliniita hivyo mimi mwanamke, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mtamba aliyegoma kuingia kwenye kibanio cha kuchanjia, "Mura, usinichoshe." Wazee walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye aliendelea na sindano yake.

Alikuwa mtu wa kugongana na nafsi yake. Alihubiri faida za maziwa kata nzima na yeye mwenyewe hakuyatia mdomoni, chai yake ilikuwa ya rangi siku zote. Dume lililovunja kamba alilishika pua na kulituliza, lakini alimwogopa bata mzinga wa jirani yangu, akamkwepa kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Vijana wakicheza kamari aliwafukuza kwa maneno makali kuliko ya mchungaji. Na ni yeye huyohuyo aliyetuletea zile kadi za mchezo.

Alizipata Sirari, kule mpakani, siku aliyokwenda kutafuta chanjo na kuambiwa asubiri. Mwenye duka mmoja alikuwa na pakiti ndogo zilizofungwa, unanunua bila kujua kilichomo ndani. Akanunua moja kupitisha muda, akaifungua, akakuta wanyama. Aliporudi Nyamwaga alikuja moja kwa moja dukani, akazipanga juu ya mfuko wa mbegu, akaanza kuzikagua. Kulikuwa na joka lenye mabawa, simba mwenye vichwa viwili, na kitu kama mamba kilichosimama wima. "Mapafu ya huyu yatakaa wapi?" aliniuliza kuhusu joka. Nikamwambia mimi nauza mbegu. Mwezi haukuisha, akawa na kadi za kujaza kopo la maziwa ya unga, na joka lile lisilo na mahali pa kuweka mapafu ndilo alilokuwa akilitegemea kushinda.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu wawili, uso kwa uso. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, naye aliyatafsiri kwa maneno ya kazi yake. Kila mchezaji ana boma lake la kulinda. Kila zamu anateremsha kadi ya malisho, na malisho yakitosha anaingiza mnyama, na mnyama akinenepa anamtuma akavunje boma la mwenzake. Mwenye boma lililobomoka ameshindwa. Palikuwa na sheria nyingine aliyoisoma kwa sauti ya chini: kabla ya kuanza, kila mmoja anaweka kadi moja pembeni, na mshindi anazichukua zote mbili.

"Hiyo ni kamari," nilimwambia.

"Imeandikwa," alijibu. Neno hilo ndilo lililokuwa udhaifu wake. Kitu kikishaandikwa, hata kama hakipendi, hakigusi.

Waliouvamia ule mchezo kuliko wote ni mume wangu Chacha na kaka yangu Mwita. Hao wawili walikuwa marafiki kabla mimi sijawa mke wa mtu. Wakati mwingine nilihisi kwamba Chacha alinioa ili apate sababu ya kukaa na Mwita bila kuulizwa. Mwita anachomelea vyuma kule Matongo, na kila siku ya mapumziko alipanda bodaboda akaja, akasalimia, akaketi kwenye benchi la kibarazani kwangu, wakaanza. Walichokozana tangu chai mpaka ng'ombe warudi. Mimi nilihudumia wateja huku nikisikiliza, na kusema kweli nilikuwa na raha.

Kisha Mwita akapata dume. Alifungua pakiti aliyoagiza kutoka Sirari palepale dukani, akatoa kadi moja kwa mikono miwili. Ilikuwa kadi yenye kung'aa, dume jeusi la pembe pana lenye doa jeupe usoni. Marehemu baba yetu alikuwa na dume la namna ile, alilolipenda hata akalitungia majigambo yake. Mwita aliniita, "Bhoke, njoo uone." Nikaja, nikaligusa lile doa kwa kidole. Bwana Mifugo naye akaja, akapandisha miwani, akainama. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akisema kuhusu picha, "Huyu ni mzima."

Sasa mtu mwenye akili angeifungia kadi ile nyumbani. Mwita aliiweka pembeni kuwa dau, kwa sababu alikuwa ameshinda mara nyingi mfululizo na kichwa kimevimba. Akashindwa. Duka lilikuwa na wateja, ilikuwa msimu wa kupanda. Chacha akalinyanyua dume lile juu kila mtu alione, akasema huku anacheka, "Haya, leo ng'ombe mmoja wa mahari amerudi."

Mtu wa mbali hawezi kujua ubaya wa maneno hayo. Kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi kwa mume, ndoa imekwisha, na mke anarudi kwao. Hakuna anayelifanyia utani jambo hilo mbele ya kaka wa mke, tena kwa dume lenye sura ya dume la baba yake. Bibi mmoja aliyekuwa anachagua mbegu za mahindi alizirudisha taratibu kwenye beseni. Mwita akauliza, "Umesema nini?" Hapo ndipo Chacha angeomba radhi. Lakini alikuwa bado na furaha ya ushindi, akaongeza, "Bado wale wengine."

Mwita akasimama. "Kama ng'ombe wanarudi, basi dada naye afungashe."

Walisimama wakitazamana, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma mbele ya watu wote wale. Bwana Mifugo alikuwa kwenye kona anakunywa chai yake ya rangi. Aliinuka, akamnyang'anya Chacha ile kadi, akatangaza kwa sauti ileile anayoitumia mnadani. "Dume huyu nimemweka karantini. Haruhusiwi kutoka wala kuingia boma la mtu yeyote mpaka nitakapotangaza." Akafungua kasha lake la baridi la kubebea chanjo, akaitumbukiza kadi ndani, akafunga, akaondoka na pikipiki yake. Lilikuwa jambo la kijinga na lilituokoa siku ile, maana huwezi kupigania ng'ombe ambaye hayupo.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mwita hakukanyaga tena kwangu. Chacha alikuwa tayari kuomba radhi kwa mtu yeyote isipokuwa Mwita, kwa sababu Mwita alikuwa ametamka kwamba mimi nifungashe. Siku moja baba mdogo alikuja kutoka kwetu nilikozaliwa, akala, akanywa, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akaniuliza kama ni kweli kuna ng'ombe wamerudi. Nilimjibu kwamba ni karatasi, baba, ni picha tu. Akatikisa kichwa kwa namna iliyoninyima usingizi. Niliogopa. Nilikuwa na mtoto, duka, na mume niliyempenda hata kama mdomo wake hauna breki, na nikaona vyote hivyo vinaweza kuondoka kwa sababu ya mchezo wa pakiti.

Bwana Mifugo hakunifariji kwa maneno. Hakujua kufariji. Alipokuja kuangalia ndama wa mtu na mwenye ndama akawa analia, alimpa kazi ya kushika tochi. Mimi alinipa kazi ya kuchora mistari kwenye boksi la katoni, liwe ubao wa mchezo mpya. "Mura," aliniambia, "huu mchezo una kasoro ya kitaalamu. Umejengwa kwa watu wawili. Wawili wakigombana hakuna mwingine mezani. Nataka uchezwe na wanne, wawili upande huu, wawili ule." Nikamwambia imeandikwa watu wawili. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akasema, "Basi tutaandika upya." Kwa mtu yule, kusema hivyo ni sawa na mwingine kubadili dini.

Alihangaika nalo jambo hilo kuliko nilivyoelewa wakati ule. Kwanza alizifunga kadi zote nailoni, moja moja, akizichoma kingo kwa mshumaa, nikadhani ni usafi wa kidaktari tu. Kisha akaanza majaribio, na wagonjwa wake tulikuwa mimi, karani wa mnada, na fundi cherehani wa jirani. Jaribio la kwanza kila mtu alijichezea mwenyewe, na sote tukamrukia karani kwa sababu alikuwa na boma dhaifu. Akatolewa mapema, akakaa pembeni akipiga miayo, akaondoka kwenda kula. "Hapana," alisema Bwana Mifugo. "Mtu akitolewa ataenda nyumbani. Mimi nataka asiende nyumbani." Jaribio la pili tulikuwa timu, lakini kila mmoja na boma lake, na fundi cherehani aliliacha la mwenzake libomoke huku yeye ananenepesha wanyama wake. Bwana Mifugo akakusanya kadi.

Alikuja na jibu akitokea kwenye mashamba yaliyovunwa. Kwetu mahindi yakishatolewa, mabua yaliyobaki shambani ni ya ng'ombe wote, wa kwako na wa jirani, lakini unapita kwa mwenye shamba kwanza umwambie. Huingii tu kimya kama mwizi. Akaamua hivi: timu ina boma moja na mlango mmoja, likibomoka mmebomokewa wote, na likisimama hakuna anayetolewa. Malisho ni ya pamoja. Lakini ukitaka kutumia malisho aliyoteremsha mwenzako, lazima umwombe kwa mdomo, kwa kumwita, na ajibu kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakuhesabiki. Kusonta hakuhesabiki.

Nilielewa mara moja anakoelekea. Nikamwambia hawatakuja.

"Watakuja," alisema. "Kwa sababu za kitaalamu."

Baada ya lile la "imeandikwa," hilo lilikuwa neno lake la pili la maisha, na alilitumia kwa kila uongo aliousema kwa nia njema. Alimpelekea Mwita ujumbe kwamba aje, kuna suala la dume. Chacha naye aliambiwa hivyohivyo. Walipofika kila mmoja akamwona mwenzake na kugeuza shingo, Bwana Mifugo akawaambia suala la dume litazungumzwa baada ya mchezo mmoja, na kwamba kwa mujibu wa taratibu za karantini wahusika wote wawili wanatakiwa upande mmoja wa meza. Nilikuwa nimeegemea kizingiti cha duka, nikajua hakuna taratibu kama hiyo duniani. Wao wakakaa. Mtu akishazoea kuamriwa na afisa kuhusu ng'ombe wake, anakaa.

Tukacheza, wao wawili dhidi yangu na Bwana Mifugo. Kwa muda mrefu kila mmoja alicheza na malisho yake mwenyewe, kwa ukaidi, na tuliwapiga bila huruma. Joka lile la mapafu lilikuwa linawabomolea ukuta. Boma lao likabaki kama kibanda cha mlinzi. Mwita alikuwa ameshika kadi mkononi ambayo ingelisimamisha lile joka, niliona kwa jinsi alivyoigusagusa, lakini malisho yake hayakutosha. Ya Chacha yalikuwepo mezani, yamelala tu. Alimtazama Chacha. Akanyoosha kidole.

"Kusonta hakuhesabiki," Bwana Mifugo alisema bila kuinua macho.

Mwita akashusha pumzi. Akakohoa. Kisha akasema, akiitazama meza, "Shemeji. Nipe malisho."

Chacha aliyasukuma malisho yake mpaka katikati ya meza. "Chukua, shemeji," alisema. "Chukua yote." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Mimi siku ile nilikosea."

"Ulikosea," Mwita alisema. "Na mimi nilikosea. Sasa nyamaza, tunabomolewa."

Nilikwenda nyuma ya duka nikajifanya natafuta dawa ya minyoo. Nililia pale kati ya maboksi, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Niliporudi walikuwa wananong'onezana vichwa vimegusana, na joka letu limekufa. Walitushinda. Bwana Mifugo, ambaye hakuwahi kushindwa bila kulalamika kwamba kadi hazikuchanganywa vizuri, siku ile alikusanya kadi zake akipiga mluzi. Kuhusu dume, alisema karantini haijaisha, na kwa jinsi walivyokuwa na furaha hawakumuuliza tena.

Mchezo wake ukatembea. Ulifika hadi Matongo, kwenye migodi, ambako wachimbaji waliokuja kutoka mikoa mingine waliucheza wakati wa mvua, watu wasiojuana kwa lugha wala kabila wakiombana malisho. Wakimuuliza ni nani aliyeutengeneza, alisema umeandikwa. Mimi nilikuwa nikimcheka moyoni, kwa kuwa aliyeuandika namjua, na katoni yenyewe ilikuwa yangu.

Alipostaafu aliondoka Nyamwaga na kuhamia Machochwe, upande wa Serengeti, karibu na hifadhi. Alisema anataka kuishi na wanyama asiolazimika kuwachanja. Miaka ikapita tukisalimiana kwa simu tu. Mwaka huu baada ya mavuno Chacha alisema twende tukamwone mzee, na Mwita akasema habaki nyuma, na tulikwenda wote watatu, tumebanana kwenye bodaboda kile kipande cha mwisho, mimi katikati yao.

Tulimkuta mbele ya nyumba yake na wakulima watatu, kadi mezani. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa ameongeza kadi ya tembo. Tembo akitokea anavamia maboma yote mawili, kwa hiyo timu zote zinaacha vita na kumfukuza kwanza. Wenyeji walisema sheria hiyo hawakuhitaji kufundishwa. Tulimwamkia, tukala ugali na nyama, tukacheka mambo ya zamani. Kisha wale wakulima wakaenda zao, na Mwita, kwa utani tu, akauliza, "Mzee, na lile dume letu? Karantini bado?"

Bwana Mifugo aliacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Alikufa," alisema.

"Alikufa lini?"

"Wiki ileile. Barafu iliyeyuka kwenye kasha. Nilifungua kuchukua chanjo nikamkuta anaelea." Hakumtazama yeyote kati yetu. "Mlikuwa mnakaribia kuvunja ndoa kwa ajili yake, na mimi nimemuua. Ningewaambia nini? Nikaona niwatafutie kitu kingine cha kufanya pamoja, ili msije kumdai. Ndiyo maana ule mchezo. Na kila simu yenu ilipoita nilidhani ni siku hiyo mnamdai."

Nilimwona mzee yule, aliyeshika pua za madume, anazipanga na kuzipangua kadi juu ya meza. Nikamtazama Chacha, naye akamtazama Mwita. Kwa muda nikaogopa tena, kama siku ile ya baba mdogo, kwa sababu dume lile lilikuwa na uso wa dume la baba yetu na wa kusamehe au kudai alikuwa Mwita peke yake.

Mwita aliketi wima. "Ngozi iko wapi?" aliuliza.

Mtu akikuachia ng'ombe wake umchunge na ng'ombe akafa, unamletea ngozi. Ngozi ikionekana, hakuna deni wala lawama, mchungaji yuko huru. Bwana Mifugo aliijua desturi hiyo kuliko sisi, ameamua kesi zake nyingi. Aliinuka, akaingia ndani, tukasikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na kitu kilichofungwa nailoni. Ilikuwa karatasi iliyojikunja, imepauka, pembe zimefutika kabisa. Doa jeupe la usoni lilikuwa bado linaonekana.

Mwita aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaikagua mbele na nyuma. Akampa Chacha. Chacha naye akaikagua, akairudisha.

"Ni yeye," Chacha alisema.

"Ni yeye," Mwita alisema. Akaiweka mezani, akamgeukia mume wangu. "Basi hakufika kwako, shemeji. Alifia njiani, kwa mchungaji. Yule ng'ombe hakurudi."

"Hakurudi," Chacha alikubali.

Bwana Mifugo alikaa chini taratibu. Alitoa pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka, kisha akavaa miwani yake, akapiga meza kwa kiganja, akatangaza kwa sauti yake ya mnadani kwamba karantini imeisha. Akaanza kuchanganya kadi. Mwita na Chacha walikuwa wameshahamia upande mmoja wa meza bila kuambiwa, na yeye akanigongea kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa, mura," aliniambia. "Leo tutawabomoa."